Maini ya Mama Akuol

Jirani yangu hapa mtaa wa Atlabara, Juba, Mama Akuol, alikulia kambini Kakuma, Kenya. Huko mkimbizi aliyefundisha au kufagia hospitali hakulipwa mshahara; alipewa posho ndogo iliyoitwa insentivu, yaani ya kumtia moyo asiache kazi. Mkataba wa amani uliposainiwa kwetu, akarudi Juba, na neno lake akarudi nalo. Mtoto akichota maji bila kununa, insentivu: sukari zaidi kwenye uji. Mbuzi akikubali kufungwa, insentivu: maganda ya ndizi. Nilimwonya kwamba atajuta, lakini nani hunisikiliza mimi, Erina muuza chapati?

Kisha akamgeukia mumewe, Thiik, karani aliyezoea kupitia baa za Malakia kila akitoka kazini.

"Baba Akuol," akamwambia, "ukifika kabla jua halijazama, utakuta maini ya kukaanga. Ukichelewa, ni ugali na mboga."

Kesho yake Thiik alifika jua bado linawaka. Wiki iliyofuata akawa anafika kabla ya watoto kutoka shuleni. Mama Akuol akatamba mtaa mzima kwamba ameponya ndoa yake.

Jumatatu moja Thiik alirudi asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, akavua viatu na kuketi mezani.

"Mbona mapema hivi?" mkewe akauliza.

"Khalas, yamekwisha, wamenifukuza kazi kwa kutoroka kila siku," akajibu, akinawa mikono. "Sasa sitachelewa tena maisha yangu yote. Lete maini."