Yaya wa Uvimbe

Kazini walimwita Yaya, na jina likamganda. Kwa miaka tisa alikuwa akilea saratani za watu. Usishtuke, ndiyo kazi yenyewe: uvimbe wa mgonjwa ukikatwa kipande, yeye hukipanda kwenye visponji vidogo laini, hukilisha maji ya virutubisho yenye rangi ya waridi na kukiweka kwenye kabati la joto mpaka kiote nyama kama kilivyokuwa mwilini. Kikishaota, daktari hukijaribia dawa moja moja aone ipi inakiua, ili mgonjwa asipewe dawa ya kubahatisha.

Sharti ni kwamba kabati lifunguliwe mara moja kila baada ya siku mbili, basi, maana uchafu wa hewani hautaki mwaliko. Yaya alikuwa mkali kwa hilo. Wenzake walimtania kwamba hata mkuu wa maabara hulibishia hodi kabati lake.

Kisha kikaja kipande cha dada yake. Vipande huja na namba tu, lakini siku hiyo kilikuja kimoja tu, na ni yeye aliyempeleka dada hospitali asubuhi. Alipaswa kusema, apewe mtu mwingine. Akafyata mdomo. Angemwamini nani?

Alikichukia kipande kile kwa moyo wote, na bado alilazimika kukibembeleza. Asubuhi alifungua kabati, mchana akafungua, jioni tena. Anachungulia tu, alijiambia, mtu mzima na akili zake.

"Kula, mshenzi wewe," alinong'ona. "Nenepa. Dawa yako inakuja."

Siku ya tisa maji yalikuwa na ukungu. Kwenye hadubini aliona nyuzi za kuvu zimetambaa kwenye kila kisponji. Kipande kingine hakikuwepo. Uvimbe uliobaki ulikuwa umeshikana na mshipa mkubwa, haugusiki kwa kisu.

Alimkuta dada kitandani, amekonda, lakini mdomo wa utani ule ule.

"Mpwa wako hajambo? Anakula?" Ndivyo dada alivyokiita kile kipande cha kabatini.

"Amekufa, dada. Nimemuua mimi. Nilikuwa nafunguafungua kumtazama, kuvu ikaingia."

Dada akacheka mpaka akakohoa. "Si ndicho tulichotaka? Afe zake!"

"Alitakiwa auawe na dawa. Ndipo tungeijua."

Kicheko kikakatika.

"Sasa daktari atanipa ipi?"

Yaya alitamani kudanganya, akashindwa.

"Atabahatisha."