Maji ya Nyuki wa Kokoo

Juzi nilipita Noonkopir, mjini Kitengela, nikaona nyuki wamejazana kwenye mfereji unaovuja, pale magari yanapooshwa. Vijana wa kazi walikuwa wakiwafukuza kwa matambara. Nilisimama nikatazama. Rafiki yangu, mimi nimekua nikiwabebea nyuki maji.

Kokoo, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, alitundika mizinga ya magogo kwenye migunga nje ya Kitengela, enzi ambazo kule kulikuwa malisho tu. Migunga ikichanua, boma zima lilinukia. Nyaya za kuning'inizia mizinga alizipaka grisi, siafu wasipite. Mvua ikianza, aliinamisha mizinga kidogo maji yasituame ndani. Baridi ya Julai hakufungua hata mmoja, umwombe usimwombe. Na wakati wa kurina alibakisha masega. "Mwenye nyumba naye ale," alisema, wajomba wakinung'unika.

Mwaka mmoja kiangazi kilizidi. Jirani yetu, mkulima aliyehamia kutoka Kiambu, alikuwa amechimba kisima akapanda matikiti. Nyuki wakavamia tangi lake, wakamuuma mfanyakazi wake hadi uso ukafura. Jirani akaja na jerikeni ya petroli.

"Mama, leo nachoma hii mizinga. Niko na watu wa kulinda."

Kokoo aliendelea kukamua mbuzi. "Ni kiu, baba. Nipe maji, nitawanywesha huku. Na ukiwachoma, nani ataingia kwa maua ya matikiti yako?"

Jirani aliweka jerikeni chini. "Haya, tujaribu. Wakirudi kwangu, nachoma."

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji kisimani kwake, nikajaza karai lenye mawe ili nyuki wasizame. Kokoo alidondosha asali kidogo ndani. Jirani naye akafunika tangi. Mwanzoni hawakuja, nami darasani nilikuwa nikichungulia dirishani kama kuna moshi. Halafu asubuhi moja nikakuta mawe hayaonekani kwa wingi wa nyuki. Kokoo alikuja, akatazama, akasema tu, "Ashe." Asante.

Matikiti yalizaa. Jirani akaanza kunyunyiza dawa jioni, nyuki wakisharudi mizingani, na kila msimu alituletea tikiti.

Wote wawili wamekwisha kufa. Malisho yalikatwa ploti, na migunga ndiyo iliyotangulia kuangushwa. Nyuki wa mzinga wa mwisho waliondoka mchana, wingu dogo likaelekea upande wa Isinya. Mafundi waliokuwa wakijenga pale waliinua vichwa kidogo, wakarudi kupanga mawe ya ukuta.