Kadi ya Kwanza ya Justus

Mwaka 1979 nilimwona baba yangu kwa mara ya kwanza. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba kaburini.

Msinicheke. Nilimwona kwenye kadi ya sigara.

Naitwa Apolinaria, mzaliwa wa Urambo. Baba yangu, Justus, aliitwa timu ya mkoa mwaka 1962. Akacheza msimu mmoja tu, malaria ikamchukua. Mama alikuwa na mimba yangu.

Picha yake ilikuwa moja, ya ndoa. Nikiwa mchanga wa miezi, nyumba yetu ya zamani ilishika moto, picha ikaenda. Vikabaki viatu vyake vya kuchezea mpira, kwa sababu mama alivitundika msumarini kwenye bani, kule tunakokaushia tumbaku.

Basi nikasikia Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, kuna fundi cherehani anaitwa Mzee Yahaya. Anakusanya zile kadi za wachezaji zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara enzi za uhuru.

Nikapanda treni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unashonesha?"

"Namtafuta Justus. Timu ya mkoa, sitini na mbili."

Akaacha kukanyaga cherehani. "Huyo ninaye! Tena kadi yake ya kwanza!"

Akanipa somo pale pale. Kadi ya kwanza ni ile iliyotoka mwaka ule ule mchezaji alipoanza timu kubwa. Ikitoka mwaka wa pili au wa tatu, hiyo ni karatasi tu, hata iwe mpya namna gani. Yeye aliweka za kwanza tu.

Akafungua kopo la biskuti, akanitolea kadi. Kijana mwenye masharubu membamba, anatabasamu. Chini yake: JUSTUS, 1962.

Nililia mbele za wateja.

"Nipe, mzee. Ni baba yangu."

"Pole, mwanangu. Lakini hii ikitoka, seti yangu imekufa." Akakuna kidevu. "Kwani hakuacha kitu? Jezi? Viatu?"

Nikarudi Urambo, nikavibeba viatu kimya kimya. Nilijiambia mama akiiona sura ya mumewe atanisamehe.

Tukabadilishana.

Mama nilimkuta akifunga majani ya tumbaku. Nikamwekea kadi kiganjani, nikasubiri machozi.

"Huyu Hilari," akasema.

"Mama, soma jina!"

"Jina la baba yako. Sura ya Hilari, golikipa wao. Ndiye aliyebeba jeneza. Wachapaji wamechanganya." Akanitazama. "Umeitoa wapi?"

Nikamwambia.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alikwenda kwenye bani, akasimama chini ya ule msumari mtupu, kisha akarudi kufunga tumbaku.

Usiku huo sikulala. Wazo moja tu: kama sura ya Hilari iko kwenye kadi ya baba, si sura ya baba iko kwenye kadi ya Hilari?

Nikakopa nauli, nikarudi Ng'ambo.

"Mzee, kadi ya Hilari ya sitini na mbili unayo?"

"Nilikuwa nazo mbili. Nilishampa mke wangu awashie jiko, zamani sana."

"Kwa nini?"

"Hilari alianza sitini. Haikuwa kadi yake ya kwanza."

Nikamweleza. Mzee wa watu akakaa chini.

"Wallahi, binti, mimi husoma jina na mwaka. Sura sikuwa natazama."

Na viatu? Vilishaondoka na mtu wa Mwanza, kwa kadi nne.

Nilizunguka miaka, kutoka Kitete pale Tabora mpaka Kigoma, nikiulizia kadi ya Hilari. Kila mkusanyaji jibu lile lile: hiyo haina thamani, nani aitunze?

Hilari ametangulia. Mama alifariki 1994. Leo duniani hakuna aliye hai anayeijua sura ya baba yangu.

Ndugu zangu, mjuzi akikwambia hiki cha kutunza, hiki cha kutupa, muulize: thamani kwa nani?

Na wewe mwenye mzazi hai, mtazame usoni leo. Mtazame mpaka akuulize una nini.