Kovu Alilotaka Ndila

Ndila wa hapa kwetu Kola alimwomba daktari kitu ambacho sijasikia mgonjwa mwingine akiomba: ampasue tumbo lote, amwachie kovu refu.

Msicheke. Mjane huyu, msusi wa vyondo, alikuwa amevimba tumbo mwaka mzima. Wifi yake Mbula, mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha akina mama cha kulimiana mashamba, akatangaza kwamba hiyo ni mimba ya mume wa mtu. "Tumbo kama hilo halilimi na sisi," alisema, akampokonya jembe. Mvua ikaja, shamba la Ndila likabaki pori. Hakuna aliyemtetea, hata mimi, na aibu hiyo bado inaniuma.

Kovu refu lingeonyesha kwamba ulikuwa uvimbe, si mimba, likamfunga Mbula mdomo. Lakini kule Nairobi, alikopelekwa na binti yake Emily, daktari aliketi kando, macho kwenye skrini, akiongoza mikono ya roboti. Uvimbe ukatolewa vipande vipande kupitia matundu manne madogo kama ya vifungo. Ndila alipoyaona alilia kwa hasira.

"Sasa hii nitaonyesha nani? Watasema nilienda kutoa mimba!"

Wakasema hivyo hivyo. Mbula ndiye aliyeanza.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Miezi sita baadaye, Mbula alipitia nyuma ya nyumba ya Ndila, leso imefunika tumbo lililovimba.

"Wifi, niko na uvimbe kama yako. Nipatie namba ya huyo daktari wa roboti."

"Si yangu ilikuwa mimba? Namba niko nayo. Kesho uniulize kwa mwethya, wote wasikie."

"Wifi, tafadhali."

"Kesho."

Kesho yake Ndila alikuja kwa mwethya mikono mitupu, na Mbula akasimama kati ya mistari ya maharagwe, akaiomba namba mbele ya wote. Ndila akapandisha blauzi, makovu yake madogo yakaonekana.

"Hesabu kwanza."

Mbula akainama, akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne.

"Ni alama za nini?" Ndila akauliza.

"Za uvimbe," Mbula akajibu, machozi yakimtiririka.

Ndila alimpa namba yote, polepole, asikosee hata tarakimu moja. Kisha akalichukua jembe mkononi mwa mwenyekiti.

"Nenda hospitali," akamwambia. "Tumbo kama hilo halilimi na sisi."