Mikono ya Wifi Yangu

Mama alihamia kwangu Segerea pale mimi na kaka yangu tulipoona hawezi tena kuishi peke yake kijijini na kifua kile. Kifua kikuu alishapona zamani, nikiwa mtoto, ila kilimwachia makovu kwenye mapafu, na makohozi yakawa yanatuama humo. Asipoyatoa, homa inarudi.

Hospitalini tulikutana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, akanifundisha jinsi ya kumsaidia. Mama alale ubavu, mito chini ya nyonga ili kifua kiinamie chini. Mimi nikunje kiganja kama ninayechota maji, nimpigepige mbavuni juu ya khanga, nikiuepuka uti wa mgongo. Kisha avute pumzi ndefu na kuitoa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama mtu anayepuliza kioo cha miwani apate kukifuta. Ndipo akohoe.

Mie ni mwalimu, na ndimi binti pekee. Nilijifunza kazi ile kama ninayekwenda kufanya mtihani. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimpigapiga hadi mabega yakaniuma, na kwenye kopo la kutemea hakikuingia cha maana.

Ikaja wiki ya kusimamia mitihani katika shule nyingine. Kaka akamleta mkewe kutoka Chamazi anishikie zamu. Nilimwelekeza kila kitu, mara mbili, huku moyoni nikijua hataweza.

Siku ya kwanza niliporudi, nilimkuta Mama amekaa barazani, macho maangavu, anakula chungwa. Wifi alikuwa anaosha kopo.

"Leo kimefunguka," Mama akasema. "Huyu mkono wake una dawa."

Nilicheka. Chakula cha jioni kilinishinda.

Kesho yake nilichelewa kuondoka makusudi, nikasimama mlangoni nione anafanya nini. Hakufanya lolote nisilolifanya mimi. Isipokuwa alikuwa anaongea. Alimsimulia Mama habari za majirani wa Chamazi, nani kagombana na nani, na Mama alikuwa akicheka hadi anakohoa, anakohoa hadi kopo linapata mzigo. Wifi akamfuta mdomo kwa kidole chake mwenyewe. Nilichukua mkoba wangu, nikaondoka bila kuaga.

Mitihani ilipokwisha nikamshukuru, nikamrudisha kwao mapema kuliko ilivyohitajika. Kesho yake nikampigapiga Mama kwa nguvu zaidi, na mimi nikaleta umbea, wa walimu wenzangu. Hakucheka.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huo mgongo. Siyo mlango."

Homa ilirudi. Tulikwenda kliniki wote watatu, kwa sababu Mama alisisitiza wifi awepo. Yule kijana alituamkia, akaomba tumwonyeshe tunavyofanya, nikaanza mimi, akafuata wifi. Nilimtazama usoni nikisubiri aniambie nimekosea wapi. Ningefurahi kuwa nimekosea.

"Wote mnafanya sawa kabisa," akasema. Akamgeukia Mama. "Bibi, unapokuwa na binti yako, unakohoa?"

 Mama akaishika ncha ya khanga yake, akaiviringisha.

"Nayameza," akasema.

"Kwa nini, Mama?" nikauliza.

Hakunitazama. Alimjibu yule kijana, kana kwamba mimi sipo. "Huyu nilipougua alikuwa mdogo. Nilimpeleka kwa bibi yake ili nisimwambukize. Alikuwa analia getini, nami nimejifunika mdomo, siwezi kumbeba. Mpaka leo nikikohoa mbele yake, mdomo unajifunga wenyewe."

Kijana alimweleza kwa upole kwamba kifua kikuu kiliisha, na kwamba makohozi ya sasa hayatamwambukiza binti yake ugonjwa ule. Mama aliitikia. Wifi alinishika mkono nikauacha ushikwe.

Mtu angedhani wivu uliniisha pale. Ulizidi. Mwanamke aliyeingia kwenye familia yetu juzi tu anapewa makohozi ya mama yangu, mie napewa heshima.

Mama alihamia Chamazi mwisho wa mwezi ule, na homa zikapungua. Nilikwenda kila Jumamosi. Yule kijana alikuwa amemfundisha pia kuyatoa makohozi mwenyewe kwa pumzi tu, akiwa amekaa, na siku moja nilimkuta akifanya hivyo sebuleni, wifi yuko sokoni. Alivuta pumzi, akaitoa, ikakwama. Akanitazama.

"Nigeuke?" nikauliza.

Alifikiri. "Kaa hivyohivyo," akasema, akanyoosha mkono.

Nilimpa kopo. Alikohoa kwa muda mrefu, macho ameyafumba, na mie nilibaki nimemwangalia hadi mwisho. Kisha nikalichukua kopo kwenda kuliosha kabla wifi hajarudi.