Aitwa mwizi wa umeme, anyimwa takwimu za kujitetea

Saa nne asubuhi, Jumamosi, jua la mtaa wa Kiuu limeshachachamaa. Juu ya paa la ghorofa nne, Kavindu Maluki anavuta blanketi lililolowa kutoka kwenye paneli za sola na kulitupa juu ya kamba. Mpangaji aliyesimama mlangoni anauliza kwa nini nguo zake zinasumbuliwa.

“Anika kwa kamba, Mama Rayan. Hapa hapana,” anamjibu bila kugeuka.

Kavindu, 41, ni keateka, yaani mtunzaji, wa ploti hii ya kupangisha mjini Ruiru. Anaosha ngazi, anafungua maji, anafuatilia kodi. Analipwa shilingi elfu tisa kwa mwezi na kupewa chumba anacholala na binti zake wawili. Mwisho wa mwezi huu huenda akapoteza kazi na chumba.

Kosa lake? Eti anaiba umeme.

Paneli hizo zilifungwa mwaka jana chini ya mpango unaounganisha majengo ya Ruiru na Thika. Takwimu za kila paa hukusanywa na kampuni moja na kugawiwa wahusika, ili umeme unaobaki mchana usukume pampu za maji za mji. Ni wazo zuri. Kinachoudhi ni kwamba wahusika ni mwenye ploti, mhandisi wa kampuni na afisa wa mji. Anayeishi chini ya paneli hahesabiwi.

Umeme wa ploti ulipoanza kupungua, kampuni ilimwambia mwenye ploti kwamba huenda kuna anayeuvuta kwa njia ya wizi. Jirani ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi inayokula umeme mwingi. Mwenye ploti hakutaka kusikia zaidi.

“Aliniita mbele ya wapangaji akasema nauzia fundi stima,” anasema Kavindu, sauti ikipanda. “Nikamuuliza, inapotea siku gani? Akasema hiyo si kazi yangu. Nikaenda kwa ofisi ya kampuni, nikaambiwa data ni siri ya mteja. Sasa mimi naitwa mwizi na hiyo data, na bado ni siri kwangu?”

Hadi leo hajaonyeshwa takwimu hizo.

Aliyemfungua macho ni Amida, keateka wa jengo moja Thika, upande wa Chania, ambaye wako naye kwenye chama cha kuweka akiba. Mwajiri wa Amida aliagiza takwimu za jengo zitumwe pia kwa simu ya keateka huyo. Amida alimwonyesha jinsi umeme wa kwao ulivyokuwa ukishuka kila Jumamosi, siku ya kufua, wapangaji walipoanika juu ya paneli.

“Nilitaka kulia,” anasema Kavindu. “Huku kwetu ni mimi nilikuwa nawaambia waanike hapo! Kamba hazitoshi, na Jumapili kila mtu anaenda kanisa, kwa hivyo wote wanafua Jumamosi. Nani alituambia ukifunika hata kidogo stima inapungua? Walituambia tu tuchunge zisiibiwe.”

Alipokomesha mchezo huo, umeme ulirudi. Mhandisi alikuja, akaelezwa habari ya blanketi, akacheka, akaenda zake. Mwenye ploti hakubadilisha neno. “Umerudi kwa sababu mwizi ameogopa,” aliambia gazeti hili kwa simu.

Ni ukatili wa watu wenye jibu mezani na wasiotaka kulisoma.

“Wanipe siku tu, basi,” anasema Kavindu. “Wataona ni Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi. Na huyo fundi ni Msabato. Jumamosi hafungui.”

Hataki pole ya mtu. Yeye na Amida wamezungumza na makeateka wenzao wa Kiuu, Gatongora na Thika. Wanataka kila keateka atumiwe takwimu za paa lake. Mafundi wa kampuni wanatarajiwa Jumatatu kukagua paneli za majengo hayo yote.

“Kama ni kufutwa nifutwe, lakini si na jina la mwizi,” anasema. “Hizo paa zote ziko na kufuli, na funguo ziko na sisi. Wakikuja bila hizo namba, tutawapea viti wakae hapo chini.”