Mkanda wa Hewa Siku ya Ubatizo Wangu

Najua mmeshaisikia. Mtaa mzima wa Manyatta umeshaisikia, na kuna mahali wameongeza chumvi wakasema nilipaa, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na hakuna anayeijua kunishinda. Sikupaa. Nilielea tu, tena kwa upande usiofaa, mbele ya kanisa zima na mbele ya mama mkwe wangu. Kama wewe si Mjaluo pengine hujui uzito wa hilo la mwisho: mama mkwe, sisi tunamwita maro, hulali nyumbani kwake, huli ovyo mbele yake, hata ukikaa unajikunja vizuri asije akakuona goti. Wangu aliona zaidi ya goti.

Mimi naitwa Odhiambo, fundi wa nguo, na ugonjwa wangu mkubwa ni udadisi. Ukiniletea zipu iliyokwama sitakurudishia mpaka nijue meno yake yanavyoumana. Sasa kuna Omondi, ambaye hukodisha kayaki kule ufuoni (vile vijitumbwi vyembamba vya plastiki, mtu anaketi ndani miguu mbele, anapiga kafi huku na huku), na vifaa vyake vikichanika huniletea mimi. Siku moja akaleta gunia zima la mifuko ya ajabu, nami nikaacha sare za shule nilizokuwa nashona nikaanza kuuliza.

"Mtu akipinduka katikati ya ziwa akiwa peke yake, anarudi ndani vipi?"

Omondi akachukua mfuko mmoja akauvisha kwenye kafi kama soksi, akaupuliza ukavimba. "Unalaza kafi juu ya maji, unakuwa mkono wa kukushikilia. Halafu unapanda pole pole." Kisha akanionyesha mkanda wenye kijifuko kisichozidi kitambaa cha mezani kilichokunjwa. "Na huu ni wa yule ambaye wimbi limemtenga na kayaki yake. Anavuta hii kamba, mtungi mdogo wa gesi unafunguka, mfuko unajaa hapo hapo."

Nikaugeuza, nikaunusa, nikaupima. Nikauliza tena, "Na kwenye maji ya kiunoni unafanya kazi?"

"Omera, maji ya kiunoni si unasimama tu?" Akacheka. Hakujua ninachofikiria.

Niwaeleze. Baba yangu alikuwa mvuvi, na boti yao ilipopinduka yeye alishikilia jerikeni tupu mpaka akaokotwa. Ndugu yake, baba yangu mdogo, hakupata jerikeni. Tangu hapo mama alinikataza ziwa, na mimi nikajikataza zaidi ya alivyonikataza yeye, nikakua Mjaluo wa ufuoni anayekula samaki lakini maji anayatazama kwa mbali. Shida ni kwamba kanisani kwetu ubatizo ni wa kuzamishwa mzima mzima, ziwani, na kila ulipofika wakati wangu nilipatwa na malaria ya ghafla. Safari hii Maro akatuma habari kwamba anakuja mwenyewe kutoka Muhoroni kushuhudia. Atieno mke wangu akaniambia bila kupaza sauti, "Baba Achieng, ukikimbia tena, mbele ya mama yangu, mimi sitakuomba tena." Ule upole wake ulinitisha kuliko ziwa lenyewe.

Basi nikauomba mkanda. Omondi akanipa, akasema, "Vaa, lakini mfuko ukae mbele, tumboni." Hayo ndiyo maneno ambayo ningeyatii leo nisingekuwa na hadithi. Lakini nilipojaribu nyumbani, kijifuko kikatoa uvimbe kwenye joho la ubatizo, na jicho la fundi halikubali uvimbe, tena mkono wa Pasta ungeweza kuugusa. Nikauzungusha mkanda, mfuko ukakaa nyuma. Kamba sasa haikunifikia, nikaiongezea kipande, nikaipitisha ndani ya mkono wa joho mpaka kiganjani. Kazi safi kabisa! Halafu nikakumbuka pindo. Yale majoho ya ubatizo nayashona mimi, na ni mimi niliyewashauri wazee tutie vipande vya chuma kwenye pindo ili nguo isipande juu ya maji mtu akaaibika. La kwangu nikalifumua nikavitoa vyote, kwa sababu mtu anayeogopa kuzama anabebaje chuma?

Ndani nilivaa kaptula yangu kuukuu (fundi wa nguo na kaptula yake viraka, mnajua). Makalioni niliitia kiraka cha masalio ya kitambaa, kitambaa cha buluu chenye maua makubwa ya manjano. Cha nguo gani? Ya Maro. Nilimshonea ya kuvaa siku hiyo hiyo.

Siku ikafika. Jua kali, akina mama wanaimba ufuoni, Maro yuko nyuma yao ndani ya maua yake, uso ameugeuza kando kwa heshima. Nikaingia majini.

"Ndugu Odhiambo, mbona unatetemeka?" Pasta akanong'ona.

"Baridi, Pasta."

Akatazama jua. Akanishika shingo, akainua mkono, akatamka maneno yanayotamkwa, akaanza kunilaza chali. Nilikuwa nimejiahidi kwamba kamba ni ya dharura tu. Lakini maji yalipoingia sikioni, kiganja hakikuniuliza. Kilivuta.

Wenzangu, nilitaka kujua mkanda unafanyaje kazi, nikajua. Hewa hupanda, na chochote ulichoifungia hupanda nayo. Mimi nilikuwa nimeifungia makalioni. Mgongo ukasukumwa juu, nikamponyoka Pasta, nikageuka kifudifudi, kichwa chini, na joho lisilo na uzito likanifunika kichwa kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa, huku kile kilicholetwa kuniokoa kikinishikilia nizame vizuri. Kule juu wimbo ukakatika, halafu (hili nilisimuliwa, masikio yalikuwa majini) mama mmoja akauliza kwa sauti, "Yawa! Si hayo maua ni ya nguo ya mama yake Atieno?"

Shemasi akaja kusaidia. Akanikandamiza makalio ili kichwa kipande, mkanda ukayarudisha juu. Akarudia. Mwishowe Pasta ndiye aliyenikamata kwapani akanisimamisha, nikakohoa nusu ya ziwa.

Nilipofungua macho niliona migongo. Maro alikuwa amegeuka kabisa, na akina mama wote wakageuka naye, safu nzima. Nyuma yangu shemasi akasema, "Pasta, kichwa kimezama. Inatosha."

"Lakini si mwili wote," mzee mmoja akajibu kutoka ufuoni. "Kuna sehemu imebaki."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Njia ya kutoka ilikuwa wazi, migongo yote imeniruhusu, ningeweza kupita kando na kwenda zangu mpaka Manyatta. Kisha nikamwona Atieno. Yeye peke yake hakugeuka. Alinitazama bila hasira, anasubiri tu, kama alivyosubiri miaka yote hii. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, na mimi hata nguo zilishajivua zenyewe. Nikafungua mkanda nikampa shemasi.

"Pasta," nikasema, "si baridi. Naogopa."

Akanisogelea sikioni. "Hata mimi sijui kuogelea. Unadhani kwa nini hatuvuki maji ya kiunoni?"

Akanizamisha. Udadisi haufi, nikafumbua macho. Maji yalikuwa ya kijani, kimya, na mwanga unacheza kwa juu. Nikamkumbuka baba mdogo, nikajiuliza kama na yeye aliukuta ukimya huu, nikatamani sana iwe hivyo. Halafu nikainuliwa, na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa kigelegele cha Atieno.

Maro hakusema nami siku nzima, na sikutarajia. Jioni, akiwa tayari kuondoka, alizungumza na binti yake huku mimi nikijibana nyuma ya mlango.

"Atieno, muulize mume wako hicho kitu kinapatikana wapi. Miaka yote nikienda kwa dada yangu kisiwani nabeba jerikeni, watu wanadhani ni maziwa. Ni tupu."

Kisha akaongeza, "Na umwambie changu kikae mbele."

Nimeapa sitajifanya tena mjuzi wa kitu ambacho mwenye nacho amenieleza kinavyovaliwa. Mkanda wa Maro, Omondi ameshanitafutia, na ule mfuko nimeupiga nyuzi tumboni mara tatu, hauzunguki hata nikiuzungusha mimi.